Meza ya mama pa Kituku



Mmeniomba niseme juu ya feza ya mikokoteni ya chakula. Nitasema wazi: ule mkokoteni wa magurudumu madogo, wa kwenye picha ya mradi, pa Kituku hautatembea. Chini ni mawe ya volkano. Tulijaribu mmoja, sufuria ya maharagwe ikamwagika mbele ya wateja. Mama mwenyewe alicheka, kisha akauliza nani atalipa maharagwe. Chukudu tu njo inaweza zile njia, na hata yenyewe inataka kijana wa nguvu.

Isitoshe, mama anayeuza sambaza na ndizi za kukaanga hawafuati wateja. Mashua zinatoka Minova na Idjwi, watu wanashuka na njaa, wanamjia. Anachotafuta ni nafasi. Wengi waliporudi walikuta pale walipouzia pana mtu mwingine. Sasa wanatandaza chini, kando ya majitaka. Asubuhi anakuja wa kutoza, mchana wa kusema "ondoka".

Na maji! Sahani zinaoshwa kwa maji ya ziwa, palepale mashua zinapofungwa. Wakubwa wetu wanakumbuka mwezi wa saba 1994, kolera ilivyoua watu kwa maelfu hapa Goma. Bidon ya lita 20 ikitiwa klori kwa kipimo, unangojea dakika 30, basi. Lakini bidon ya maji inanunuliwa, na mama anahesabu ni faida ya sahani ngapi. Siwalaumu. Mimi pia ninakula pale.

Kwa hiyo ninaomba feza igeuzwe. Maseremala wetu wanaochonga chukudu watengeneze meza za mbao, zenye kifuniko cha wavu kwa ajili ya nzi, na miguu ya kukunja ili mama aibebe mvua ikishuka. Ndoo mbili za robine, moja ya mikono, moja ya sahani. Maji tununue pamoja, kama vile likelemba, kila jioni kila mmoja anatoa kidogo.

Kuna jambo linanisumbua bado. Meza nzuri inaonekana toka mbali; mwenye kutoza ataiona pia. Njo maana kamati iende kwanza kwa wasimamizi wa soko, na barua ionyeshe nafasi ya kila mama, kabla seremala hajakata ubao wa kwanza. Wafadhili, tunangojea jibu lenu mbele ya mvua za mwezi wa tisa.