Nani Anamlipa Mwalimu? Shule na Mshikamano wa Jamii Mjini Bukavu



Panapozungumzwa elimu mjini Bukavu, malalamiko ni yaleyale: madarasa yamefurika, walimu hawalipwi, wenye diploma hawana kazi. Malalamiko hayo ni ya kweli. Mada hii inataka kuchimba chini yake na kuuliza shule inaifanyia nini jamii, na jamii inabadilika vipi pale anayemlipa mwalimu anapobadilika. Ninashikilia kwamba mshahara wa mwalimu ni jambo la mshikamano kabla ya kuwa jambo la bajeti. Anayeutoa ndiye anayeamua kama shule itawakutanisha watu au itawachambua kwa kipimo cha mifuko yao.

Émile Durkheim, ambaye maandishi yake kuhusu elimu na sosholojia yalichapishwa mwaka 1922 baada ya kifo chake, aliona elimu kuwa kazi ambayo kizazi cha watu wazima hukifanyia kizazi kinachoinukia, ili mtoto awe mtu wa jamii na si wa ukoo wake peke yake. Kwa mji kama wetu, neno hilo lina uzito. Kadutu, Bagira na Ibanda zimepokea watu kutoka kila upande wa Kivu ya Kusini, na vita vilivyoanza 1996 vikaongeza wakimbizi wa ndani. Mtoto wa Mushi, wa Murega, wa Mufuliru na wa Mubembe huenda wasikutane popote pa maana isipokuwa kwenye dawati moja, mbele ya mwalimu mmoja, chini ya sheria moja. Hata kanisa haliwakutanishi hivyo, kwa kuwa kila mmoja ana lake. Hata shule zinazoongozwa na makanisa zimebaki za wote: mkataba kati ya serikali na makanisa wa tarehe 26 Februari 1977 ulizikabidhi shule nyingi za umma mikononi mwa makanisa kuziongoza, ila haukuziondoa kuwa za umma.

Historia inaonyesha pia kwamba shule inaweza kufanya kinyume. Utawala wa Kibelgiji uliitumia kupanga watu kwa ngazi: misheni zilifundisha wengi kusoma, kuhesabu na kutii, na mlango wa juu ukabaki umefungwa hivi kwamba tarehe 30 Juni 1960 Wakongomani waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Uhuru uliupanua mlango huo. Kisha, uchumi wa Zaire ulipoporomoka na mishahara ikaliwa na mfumuko wa bei, walimu waligoma, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi na maaskofu wakakubaliana kwamba wazazi wamlipe mwalimu nyongeza iitwayo prime ili watoto warudi darasani. Ilikuwa dawa ya dharura. Ilidumu zaidi ya miaka 25.

Katika miaka hiyo, uhusiano wenyewe wa shule na watu uligeuka. Tom De Herdt na Kristof Titeca, walioichunguza elimu ya Kongo kwa miaka mingi, wameonyesha jinsi sehemu ya fedha za wazazi ilivyopanda kutoka shuleni hadi ofisi za serikali na za makanisa, ngazi kwa ngazi. Mkuu wa shule akawa mkusanyaji wa kodi. Mtoto mwenye shati jeupe na suruali ya bluu akawa anarudishwa nyumbani saa tatu asubuhi kwa sababu minervali, yaani ada ya shule, haijatimia, akipita mbele ya majirani wote wanaojua maana ya kurudi saa hiyo. Mwisho wa mwaka buletini yake ya matokeo ilizuiwa ofisini hadi deni liishe. Somo alilolipata hapo halimo katika programu yoyote: kwamba nafasi yake katika jamii inategemea fedha za baba na mama. Katika sekondari somo hilo lingali linafundishwa.

Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron waliandika mwaka 1970, wakiitazama Ufaransa, kwamba shule hupokea tofauti za nyumbani na kuzitoa upande wa pili zikiitwa vipaji. Hapa kwetu hilo huonekana wazi katika lugha. Binti anayemsaidia mama yake kuuza mafuta ya mawese sokoni Kadutu hupokea noti ya dola, huibadili kichwani kuwa faranga na kurudisha chenji bila kukosea. Mpe hesabu hiyohiyo kwenye karatasi, kwa Kifaransa, naye atakwama kwenye maneno kabla hajafika kwenye namba. Jirani yake aliyekulia katika nyumba inayozungumza Kifaransa ataitwa mwenye akili. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia. Tuitekeleze kwa dhati katika madarasa ya mwanzo.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya umma ni ya bure. Utekelezaji ulianza Septemba 2019, na serikali ikatangaza kwamba watoto zaidi ya milioni 4 waliingia au walirudi shuleni. Hapo ndipo hoja za upinzani zinapoanza, na zinastahili jibu.

Wapo wanaosema kwamba wazazi ndio waliookoa shule wakati serikali haikuwepo. Ni kweli, na heshima hiyo ni yao. Lakini dharura ikigeuka kuwa utaratibu, humfukuza yule ambaye shule inamfaa zaidi. Wengine wanasema gratuité, yaani elimu ya bure, imeua kiwango cha masomo. Darasa la watoto 90 linachosha, sibishi. Lakini kiwango cha zamani kilipimwa kwa waliobaki ndani, na ujinga wa walioachwa nje haukuhesabiwa popote. Kinachonitia hofu ni kingine: wazazi wenye uwezo wanahamishia watoto wao shule za binafsi. Wakiondoka, inaondoka pia sauti yao katika kamati, na shule ya umma inabaki ya maskini peke yao. Shule ya namna hiyo hupuuzwa haraka, na ule mkutano wa watoto wote kwenye dawati moja unavunjika. Tena, mwalimu ambaye bado hajaingizwa kwenye orodha ya malipo ya serikali, na ambaye sasa ananyimwa prime, ndiye anayelipia hiyo “bure” kwa njaa ya watoto wake.

Hoja nzito kuliko zote ni ya vijana: kusoma kuna faida gani ikiwa mwenye lisansi anaendesha pikipiki? Ronald Dore alionya mwaka 1976 kuhusu nchi zinazozalisha vyeti kuliko kazi, na onyo lake linatuhusu. Hata hivyo, ukosefu wa kazi ni kosa la uchumi na la vita. Huwezi kumhukumu mwalimu kwa kiwanda ambacho hakikujengwa. Isitoshe, manufaa ya shule hayaishii kwenye ajira. Mahali pengi duniani imethibitika kwamba watoto wa mama aliyesoma hufa wachache zaidi utotoni. Raia anayejua kusoma hati ya kiwanja chake si rahisi kudhulumiwa.

Ombi langu kwa kamati za wazazi, licha ya ugumu uliopo tangu mji ulipotwaliwa na waasi wa M23 Februari 2025, ni hili. Bandikeni kwenye mlango wa kila shule hesabu tatu: walimu wangapi wanalipwa na serikali, wangapi hawalipwi, na kila faranga inayoombwa kwa mzazi inakwenda wapi. Anzeni na shule mlizotoka leo, kabla ya muhula ujao.