Majira ya Majani Kupukutika na Furaha ya Nyumbani



Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya nyumba na moto wake katika nchi ambako mwisho wa mwaka huja na giza. Nchi hiyo ni Ireland, kisiwa kilichoko upande wa magharibi wa Uingereza, na wakati ninaoutaja ni ule ulio baina ya siku za joto na siku za baridi kali, yaani Septemba na Oktoba hata Novemba iingie. Vitabu vyetu huyaita majira hayo vuli. Lakini msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki asidanganywe na jina. Vuli yetu ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka, nazo huamsha mimea. Vuli yao huilaza. Kwa sababu hiyo nitayaita majira hayo kwa kitendo chake, majira ya majani kupukutika.

Kwanza yafaa tulifahamu giza lenyewe. Sisi tukaao karibu na ikweta hupata mchana wa kadiri ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Mjini Dublin, mji mkuu wa Ireland, sivyo. Katika mwezi wa Juni mchana wake hufika saa 17, na katika Desemba hubaki saa saba na nusu tu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote za nchi hurudishwa nyuma kwa saa moja, na ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo jua huchwa kabla ya saa kumi na moja jioni. 

Miti nayo hujua. Mwanga upungukapo, mti huivunja ile rangi ya kijani iliyomo majanini, ukavuta akiba yake ndani ya matawi na shina. Ndipo rangi ya manjano, ambayo siku zote ilikuwamo lakini imefunikwa na kijani, hudhihirika. Mwisho mti huziba mahali jani lilipoungana na tawi, na jani huanguka. Ageni wengi wauonao mti ulio mtupu hudhani umekufa, nao haukufa. Umefunga mlango ili uhifadhi kilichomo. Watu wa Ireland ya kale walifanya vivyo hivyo. Walirudisha ng'ombe kutoka malisho ya milimani, wakaingiza mavuno ghalani, wakarundika mafuta ya moto karibu na nyumba, nayo yalikuwa udongo mweusi wa mabwawani, uliokatwa kama matofali na kukaushwa kwa jua na upepo, uwakao kama kuni.

Siku ya kugeuka kwa mwaka waliiita Samhain. Mkesha wake iliaminiwa kwamba mpaka kati ya walio hai na waliokufa ulikuwa mwembamba, na roho ziliweza kupita huku na huku. Dini ya Kikristo ilipoenea, tarehe 1 Novemba ikawa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na tarehe 2 ikawa kumbukumbu ya marehemu wote. Jina Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu hao. Kwa hiyo usiku wa tarehe 31 Oktoba una asili mbili zilizosukwa pamoja kama ukili, na si rahisi leo kuutenga uzi mmoja na mwenzake.

Sasa natuingie nyumbani. Juu ya dirisha la nyumba ya mkulima iliwekwa taa. Haikuwa ya boga, kama wengi wanavyodhani, ila ya mzizi mkubwa wa mviringo, jamii ya zile mboga za mizizi walishwazo pia mifugo. Mzizi huo ni mgumu, na kuukomba ndani kwataka kisu kizuri na subira. Ulitobolewa macho na meno, ukatiwa kipande cha mshumaa. Katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Ireland lionyeshalo maisha ya mashambani, huko Mayo, huonyeshwa umbo la taa moja ya namna hiyo kutoka Donegal: uso uliokunjamana, mdogo, wa kutisha kuliko boga lo lote.

Boga liliingiaje? Liliingia kwa msiba. Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa wa mimea uliozesha viazi vya Ireland vikiwa mashambani, na maskini wengi hawakuwa na chakula kingine. Watu kadiri ya milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine milioni moja na zaidi wakahama, wengi wao kwenda Amerika. Hawakuchukua mali, maana hawakuwa nayo. Walichukua desturi zao. Huko waliona boga, tunda la nchi ile, kubwa, laini, jepesi kuchongwa. Wahamiaji kutoka Scotland nao walikuwa na desturi kama hizo, na pamoja wakaufanya usiku huu kuwa wa Amerika, kisha Amerika ikaurudisha ulimwenguni ukiwa umevaa boga. Basi mtu aonapo taa ile ya manjano ikicheka dirishani, akumbuke kwamba nyuma ya kicheko hicho wako watu waliovuka bahari wakiwa na njaa.

Natuje jikoni. Mkate wa usiku huu huitwa barmbrack, na kwa lugha ya Kiireland jina lake lina maana ya mkate wenye madoadoa, kwa ajili ya zabibu zilizomo. Namna nyepesi ya kuufanya ni hii. Zabibu kavu gramu 350 hurowekwa usiku kucha katika mililita 300 za chai kali isiyo na maziwa. Asubuhi huongezwa yai moja lililopigwa, sukari nyekundu gramu 125, unga wa ngano gramu 225 uliochanganywa na unga wa kuumulia keki, na kijiko kidogo cha mdalasini, kungumanga na karafuu zilizosagwa. Hukorogwa, hutiwa katika chombo kilichopakwa siagi, na kuokwa katika joko kwa joto la digrii 170 muda wa saa moja au zaidi kidogo, hata kijiti kikichomwa katikati kitoke kikavu.

Nadhani msikilizaji amekwisha kuisikia harufu, na harufu hiyo si ngeni kwake. Majani mengi ya chai inywewayo Ireland leo hutoka Kenya, na karafuu ni zao lililoufanya ulimwengu uvijue visiwa vya Unguja na Pemba. Tena liko jambo lingine la kutupendeza. Zamani nyumba nyingi za mashamba ya Ireland hazikuwa na joko. Mwanamke wa nyumba aliuoka mkate katika chungu cha chuma chenye miguu mitatu, akakifunika, akapanga makaa ya moto juu ya kifuniko na mengine chini yake. Mama wa pwani apikaye mkate wa kumimina, makaa chini na makaa juu, hahitaji kufundishwa kazi hiyo.

Ndani ya mkate huo vilifichwa vitu: pete, sarafu, kipande cha nguo, punje ya njegere na kijiti. Mkate ulipokatwa, kila mtu alitafuta katika kipande chake. Apataye pete ataoa au ataolewa kabla ya mwaka kwisha. Mwenye sarafu atatajirika. Mwenye kitambaa atafukarika. Mwenye punje hataoa mwaka huo. Mwenye kijiti atakuwa na ndoa ya ugomvi. Watu waliangua kicheko, na mwenye kijiti ndiye aliyechekwa zaidi. Siku hizi aghalabu pete peke yake ndiyo inayobaki. Atakayeijaribu nyumbani kwake aifunge kwanza katika karatasi safi ya kuokea, na awaonye wote kabla hawajauma, hasa watoto na wazee.

Chakula cha usiku ule kiliitwa colcannon, yaani viazi ulaya vilivyopondwa pamoja na kabichi au majani ya jamii ya sukuma wiki, vikachanganywa na vitunguu vya majani na maziwa, na katikati kikafanywa kishimo cha kutiwa siagi. Ni chakula cha watu wasio na nyama. Na ni viazi vile vile vilivyooza mwaka 1845. Wazao wa waliosalia hawakukichukia chakula kilichowasaliti wazee wao. Walikiweka mezani usiku wa kuwakumbuka wafu, wakashukuru kwamba kipo.

Baada ya chakula, michezo. Matofaa huelea katika beseni la maji, na kila mtoto, mikono ikiwa nyuma, hujaribu kuliuma moja. Atakayelipata hutoka na tofaa mdomoni na nywele zikichuruzika maji. Wachumba huweka njugu mbili kando ya moto, moja kwa jina la mwanamume na moja kwa jina la mwanamke. Zikiungua pamoja kwa utulivu, mapenzi yatadumu. Moja ikiruka, kila mtu hujua la kusema. Kadhalika watoto huvaa nguo kuukuu na nyuso za bandia, wakaenda mlango kwa mlango. Zamani waliimba au walisema shairi kwanza, ndipo wakapewa matofaa na njugu, hawakuomba bure. Mwenye nyumba alijitahidi kuwatambua nyuma ya nyuso zile, nao walijitahidi wasitambulikane. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi kizee akaaye peke yake, usiku mmoja katika mwaka, hupata wageni kumi mlangoni pake.

Wala wafu hawakusahauliwa. Katika usiku wa kumbukumbu yao, nyumba nyingi ziliacha mlango bila komeo, moto ukachochewa vizuri kabla ya kulala, na viti vikapangwa kuuzunguka, ili jamaa waliotangulia wakija wakute pa kuota moto. Mtu aweza kuamini au asiamini. Lakini naomba tutazame kilichotendeka: watu waliokuwa wakiwaogopa wafu waliwawekea viti. Hofu haikufukuzwa kwa fimbo, ilikaribishwa ikakaa, na asubuhi watoto waliona kwamba viti ni viti tu.

Hapa ndipo nafika kwenye neno ninalotaka kulisema. Jioni ndefu ya giza ni mali, ikiwa kuna watu wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, wanaoketi mbele ya moto mmoja. Ireland ilijifunza kuithamini mali hiyo ilipokuwa karibu kupotea. Mwaka 1935 iliundwa tume ya kukusanya mapokeo ya nchi, na kati ya mwaka 1937 na 1939 kazi hiyo ilitiwa mikononi mwa watoto wa shule. Walimu waliwapa madaftari, wakawatuma wawaulize babu na bibi zao na majirani: mlicheza nini, mlikula nini, mliogopa nini, mliponyaje maradhi? Shule karibu 5,000 zilishiriki, na kurasa zilizokusanywa ni karibu 740,000. Miongoni mwake imo michezo na vyakula vya usiku wa Halloween, kwa mwandiko wa mtoto na maneno ya mzee. Hati hizo zimehifadhiwa katika chuo kikuu mjini Dublin, na siku hizi mtu ye yote aweza kuzisoma kwa intaneti. Wazee wale wote wamekwisha kufa. Kama mtoto asingaliuliza jioni ile, swali hilo lisingalipata mtu wa kulijibu.

Leo maduka ya Ireland, kama ya nchi nyingine, hujaa nyuso za plastiki na peremende tangu Septemba. Hapana ubaya mtoto kufurahi. Ila uso ulionunuliwa hauna hadithi, na katika nyumba nyingi kila mtu jioni ana taa yake ndogo ya mkononi, akaitazama peke yake. Nyumba yaweza kuwa na nuru kumi na isiwe na moto mmoja.

Sisi nasi tulikuwa na jioni zetu. Mzee alisema "Paukwa," na watoto wakaitika "Pakawa," na wote wakasogea karibu. Hatuna haja ya kuazima Halloween ya watu ili tupate furaha hiyo, wala ya kungojea majani yapukutike. Mvua za vuli zikinyesha, na watoto wamezuiwa nyumbani, na afanye mama mkate wenye harufu ya mdalasini, na baba azime kile kinachopiga kelele, na mtoto apewe daftari aandike jina la bibi ya bibi yake, kijiji alichozaliwa, na wimbo aliouimba akitwanga. Yule anayejua mambo hayo yumkini yuko chumba cha pili sasa hivi, amekaa kimya kwa kuwa hapana aliyemwuliza.