Kuchagua Trekta Lililotumika kwa Kazi ya Kukata Nyasi

Hotuba ya Katibu wa Umoja kwa wanachama, katika mkutano wa kutimiza miaka kumi



Tumepewa nafasi hii tuseme juu ya jambo lililoulizwa katika kila mkutano wa mwaka huu, nalo ni trekta. Mmekwisha sikia kwamba Kamati imekusudia kununua trekta la pili, lililokwisha tumika, kwa ajili ya kukata nyasi za wanachama wenye mashamba madogo. Na wengi wenu mmetuuliza, tena kwa haki kabisa, "Je, litakuwa kama lile la kwanza?"

Basi yafaa tuanze na lile la kwanza, maana hatuwezi kuomba fedha zenu mara ya pili kabla ya kueleza tulivyozitumia mara ya kwanza. Lilinunuliwa katika mwaka wa tatu wa Umoja wetu. Lilikuwa kubwa, la nguvu za farasi 80, limepakwa rangi mpya inayong'aa, na muuzaji alikuwa ameliwasha kabla hatujafika, tukalikuta languruma vizuri uani. Tulilizunguka mara mbili, tukayapiga matairi mateke kama afanyavyo kila mtu, kisha tukatia sahihi hundi. Mkono wa Katibu ulikuwamo.

Msimu wa kwanza wa kuvuna, nyasi za wanachama kumi na mmoja zilikuwa zimeanza kutoa maua. Trekta lilikata nusu siku, kisha klachi ya shafti ya nyuma, ile izungushayo mashine ya kukatia, ikapata moto na kuanza kuteleza. Tulingoja kipuri majuma matatu. Mvua ikanyesha. Nyasi zilizokwisha katwa zikaoza, zilizosimama zikakomaa zikawa kama fito, na wenye ng'ombe wakanunua marobota ya watu wengine kwa bei ya kiangazi. Kila mmoja wa wale kumi na mmoja aliliona jambo hilo katika malipo yake ya maziwa. Sisi tuliliona katika nyuso zao.

Kosa letu halikuwa kununua trekta lililotumika. Kwa mashamba yetu ya ekari mbili tatu, kununua jipya ni kuwatwisha wanachama deni lisilo na sababu. Kosa letu lilikuwa kwamba tulichagua trekta la kulima, hali kazi tuliyokuwa nayo ni ya kukata. Kulima kwataka nguvu ya kuvuta na uzito wa kuishika ardhi. Kukata nyasi hakuvuti kitu kizito. Kunataka shafti ya nyuma izunguke kwa mwendo mmoja pasipo kusita, na trekta jepesi lisiloshindilia udongo ambamo Boma Rhodes yapaswa kuchipua tena.

Tufanye hesabu kidogo. Mashine ya ngoma mbili yenye upana wa mita 1.65, ikienda kilomita 6 kwa saa, hupita juu ya mita za mraba 9,900, yaani karibu ekari mbili na nusu. Tukitoa kugeuka na kusimama, tuseme ekari moja na nusu kwa saa. Ekari thelathini ni saa ishirini za kazi. Wala si lazima trekta liwe kubwa. Nguvu za farasi 40 hadi 50 zatosha, na mashine ya upau wa visu yaridhika na chini ya hapo. Lile panga la kuzunguka, ambalo wengi wetu tumelizoea kwa kufyeka vichaka, halifai kwa nyasi za kukausha, kwa kuwa huzikatakata vipande vidogo visivyokusanyika vizuri.

Sasa, katika mambo yote ya kuangalia, la klachi ndilo lililotuuma, na ndilo tutakalolikazia. Matrekta ya zamani sana, kama Ferguson lile dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, baina ya 1946 na 1956, yana klachi moja tu. Ukikanyaga, magurudumu na shafti hukatiwa nguvu pamoja. Ukifika penye nyasi nene ukataka kusimama ili mashine ijisafishe, nayo hupungua mwendo na kuziba. Tena penye panga zito la kuzunguka huwa ni hatari, maana panga likiendelea kuzunguka kwa kasi yake huweza kulisukuma trekta mbele, ingawa mguu wako uko juu ya klachi. Mengi ya Massey Ferguson 135, yaliyoanza kutoka mwaka 1964, yana klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu magurudumu husimama na visu huendelea, ukikanyaga mpaka chini vyote husimama. Jaribio lake halihitaji fundi. Kanyaga nusu, utazame nyuma.

Kuna mwanachama aliyetusifia Massey Ferguson 35 kwa kuwa bei yake ni ya chini. Ni trekta jema, lakini uhesabu silinda kwanza. Yale ya dizeli ya mwanzo yalikuwa na injini ya silinda nne iliyojulikana kwa ugumu wa kuwaka penye baridi. Mwaka 1959 ndipo ilipoanza kutiwa Perkins ya silinda tatu, nayo huwaka vizuri zaidi. Sisi tunaoijua baridi ya Julai katika nyanda hizi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo sababu muuzaji aambiwe asiliwashe kabla ya wanunuzi kufika. Weka kiganja juu ya injini: iwe baridi. Fungua rejeta utazame kama mafuta yaelea juu ya maji. Chomoa kijiti cha mafuta utazame kama mafuta yamegeuka rangi ya maziwa. Likiwashwa, moshi wa buluu usiokoma maana yake injini yala mafuta yake. Kisha lifanye kazi saa nzima, kazi ya kweli, si kuzunguka uani. Haidroliki ijaribiwe mwisho, wakati mafuta yamepata moto na kuwa mepesi, kwa kuwa mafuta baridi huficha udhaifu wa pampu. Inua mashine juu, zima injini, ongea na muuzaji habari za watoto wake. Ikiwa mashine imekwisha teremka kabla hamjamaliza, umepata jibu. Saa ya kuhesabia kazi msiiamini sana, aghalabu imekufa. Tazameni pedali zilivyolika.

Jambo la shafti ya nyuma lina upande mwingine pia. Huzunguka mara 540 kwa dakika, ndiyo mara tisa kwa kila sekunde moja. Leso au mkono wa koti ukishikwa hapo, mtu hawahi kupiga kelele. Trekta lisilo na kifuniko cha shafti hatutalichukua mpaka kipatikane, na juu ya miteremko ya vituo vya juu hatutalituma lisilo na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, hata kama gharama yake itatuchelewesha.

Kuhusu vipuri, Kamati imekubaliana kutonunua aina ambayo klachi na gasketi zake hazipatikani mjini siku ile ile. Na daftari la usajili litazamwe kabla ya fedha, si baada yake.

Jumamosi ya juma lijalo tutakwenda kuangalia matrekta mawili, yote ya silinda tatu. Wenyewe wamekubali yasiwashwe. Tutachukua mashine yetu ya kukatia juu ya lori, ijaribiwe katika nyasi zilizosimama. Katika lori hilo zimebaki nafasi mbili kwa wanachama, nasi tungeomba walau moja ichukuliwe na mmoja wa wale kumi na mmoja. Atakayekuja afike ofisini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.