Mapenzi ya Mungu Yasisingiziwe Breki Mbovu

(Maneno ya diwani wa kata moja ya Jiji la Mbeya mbele ya wajumbe wa Haki na Amani)



Mmeniita nieleze hali ya kata yetu, hasa usalama wa barabarani. Nashukuru kwamba mmelihesabu jambo hili kuwa la haki na amani, kwani wengi wetu huliona kuwa kudra tu. Tunazika, tunasema ni mapenzi ya Mungu, kisha tunarudi nyumbani. Mapenzi ya Mungu yasisingiziwe breki mbovu.

Tukumbuke. Tarehe 11 Machi 2015, huko Changarawe karibu na Mafinga, mkoani Iringa, basi na lori lenye kontena viligongana. Walikufa watu zaidi ya 40. Tarehe 7 Juni 2025, katika mteremko wa Iwambi hapa kwetu Mbeya, lori liligonga basi dogo la abiria; walikufa watu 28. Hao walikuwa na majina, na watoto waliowangoja.

Kwa nini huku kwetu? Kwanza ni milima. Lori lenye shehena likishuka Kitonga au Iwambi kwa breki peke yake, breki hupata moto, na zikipata moto hazishiki tena. Dereva mwangalifu hushuka kwa gia nzito tangu juu. Anayeachia gari lishuke bila gia ili aokoe mafuta, huokoa shilingi chache kwa kuweka rehani roho za watu.

Pili ni mizigo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Ilipodhoofika, mzigo wa Zambia na Kongo ulihamia barabarani. Mji wa Iringa una nafuu kidogo, kwa kuwa umekaa juu na malori hupita chini, Ipogolo. Mbeya barabara hiyohiyo imepasua mji katikati, kutoka Uyole kupita Mwanjelwa na Iyunga hadi Mbalizi. Tarehe 4 Septemba 2024, huko Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa makubaliano ya kuifufua reli hiyo. Tuombee yatimie, kwani kila behewa litembealo ni malori yaliyopungua mbele ya shule zetu.

Sasa nieleze wajibu wa nani ni upi, maana mnaniuliza kila Jumapili: "Mheshimiwa, tuta letu liko wapi?" Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Diwani haweki tuta wala kivuko katika barabara kuu. Lakini mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Ombi likitoka kwenye mkutano wa mtaa kwa maandishi, likapita kwenye Kamati, naweza kulifikisha nikiwa na muhtasari mkononi. Manung'uniko ya kijiweni hayana muhtasari.

Lipo jambo gumu zaidi. Barabara kutoka Nsalaga hadi Ifisi inapanuliwa kuwa ya njia nne. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Aliyejenga kihalali katika eneo lililoongezwa, kabla ya sheria hiyo, ana haki ya fidia. Ndiyo maana ya alama ya X ya kijani. X nyekundu haina fidia. Mwenye X ya kijani asikubali kuondolewa kwa maneno matupu, na mwenye nyekundu asidanganywe na wanasiasa, hata kama ni mimi. Kwa mama auzaye ndizi ukingoni mwa lami, nasema hivi: kumwondoa bila kumwonyesha pa kwenda ni dhuluma, na kumwacha pale lori lisiposimama ni dhuluma pia. Kazi ya Halmashauri ni kumtafutia mahali panapofikiwa na wateja.

Vijana wa bodaboda, sheria imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kikiomba pikipiki, kiweke katika hesabu yake kofia ngumu mbili kwa kila pikipiki. Abiria naye ana kichwa.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mjenzi wa nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta mdogo darini, asije akawa na hatia ya damu mtu akianguka. Sheria hiyo haimwulizi aliyeanguka kwa nini hakuwa mwangalifu. Inamwuliza kwanza mwenye nyumba.

Basi, naomba kila jumuiya ndogondogo ifanye kazi moja kabla ya mkutano ujao wa mtaa: itembee barabara yake saa watoto waendapo shule, iandike mahali wanapovukia, na kuniletea karatasi hiyo. Nikiipokea nikakaa kimya, niulizeni hadharani.

Mungu awabariki.