Neno Moja la Maziwa



Leo nataka kuwasimulieni habari ya neno moja tu, neno la maziwa katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Wataalamu wao waliandika lac. Lakini katika vinywa vya watu wa sokoni na zizini lilikuwa lacte, na hiyo c ilitamkwa kama k yetu.

Askari na wakulima wa Rumi waliichukua lugha yao katika nchi walizozishinda. Kaisari Trajan aliitwaa hata Dakia, katika nchi ya Rumania ya leo, mwaka wa 106. Dola ya Rumi ya magharibi ilipoanguka mwaka wa 476, watu wakazidi kutengana, na kila taifa likaendelea kusema Kilatini kwa namna yake.

Basi sikilizeni. Mtaliani husema latte, Mhispania leche, Mreno leite, na Mrumania lapte. Mfaransa huandika lait, lakini ile t ya mwisho haisikiki.

Je, maneno haya yamebadilika ovyo ovyo? Sivyo. Chukueni neno la usiku, nocte: limekuwa notte, noche, noite, noapte na nuit. Na nane, octo, imekuwa otto, ocho, oito, opt na huit. Palipokuwa na ct, Mtaliani ana tt, Mhispania ch, Mrumania pt. Mreno na Mfaransa huandika it. Hakuna baraza lililokutana kuamua hayo. Ulimi umefuata kanuni, na mwenyewe hana habari.

Zamani mwalimu mmoja, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika orodha ya maneno aliyoyaona yameharibiwa. Aliwakataza watu kusema oclus badala ya oculus, yaani jicho. Hawakumsikia. Katika lile “kosa” Wataliani wamepata neno lao occhio, na leo mtoto wao akiliandika hivyo, mwalimu humpa alama ya sahihi.

Nasi pia tunayo mambo kama hayo. Mswahili husema tatu, Mganda satu, Mkikuyu thatu. Neno ni moja, limelelewa katika nyumba mbalimbali. Basi umsikiapo jirani akitamka neno kwa namna isiyo yako, usifanye haraka kumcheka. Sikiliza kwanza, huenda unamcheka ndugu yako.