Meno ya Bandia Nayo Yataka Matunzo



Wapo wanaodhani kwamba mtu akishavaa meno ya bandia ameachana na mswaki. Dhana hiyo si sahihi. Meno hayo hayatoboki, lakini hushika utando wa vijidudu kama meno ya asili, na chini yake zimo fizi zilizo hai. Utando usipoondolewa, fangasi humea, fizi huwa nyekundu na kinywa hutoa harufu.

Kwa hiyo tunashauri haya. Kila baada ya mlo, yavueni na kuyasuuza. Angalau mara moja kwa siku, yasugueni pande zote, hasa upande unaogusa fizi, kwa mswaki laini na sabuni ya maji isiyo kali. Fanyeni hivyo juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Dawa ya meno huyakwaruza, na ndani ya mikwaruzo hiyo vijidudu hujificha. Maji ya moto huyapinda. Dawa ya kung'arishia nguo hula sehemu zake za chuma. Vidonge vya kusafishia ni vya kuloweka meno tu, havimezwi. Fizi, ulimi na meno yaliyosalia yapigwe mswaki mara mbili kwa siku.

Usiku yavueni, myaweke ndani ya maji safi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 nchini Japani, uliohusisha wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na zaidi, ulionyesha kwamba waliolala na meno ya bandia walipata nimonia takriban mara mbili ya wengine.

Kuhusu gundi ya meno, someni lebo. Gundi yenye zinki, ikitumiwa kwa wingi kwa muda mrefu, hupunguza madini ya shaba mwilini na yaweza kudhuru neva. Anayehitaji gundi nyingi kila siku ajue kwamba meno yake hayamkai sawasawa. Amwone daktari, asiongeze gundi. Vilevile, msiyachonge wala kuyaunga wenyewe, wala msitengenezewe na mtu asiye na leseni.

Mwisho, kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili kichunguzwe na daktari bila kuchelewa, kwani chaweza kuwa dalili ya saratani. Hata asiye na jino hata moja achunguzwe kinywa kila mwaka.