Vikaragosi vya Baruti: Taishun Ikitazamwa Kutoka Tarime

Taishun ni wilaya ya milimani katika jimbo la Zhejiang, mashariki mwa China. Mchezesha vikaragosi wa huko hufanya kazi yake karibu yote kabla watazamaji hawajafika. Usiku ukiingia, nguzo ndefu ya mianzi husimama uwanjani, na juu yake, ghorofa kwa ghorofa, zimefungwa fataki na vikaragosi vya karatasi iliyopakwa rangi: askari, wafalme, miungu, watu wa hadithi ambazo kila mtoto wa pale anazijua. Moto huwashwa chini. Hapo hakuna tena uzi wa kuvuta wala kijiti cha kusukuma. Baruti ndiyo inayovizungusha na kuvirusha angani.

Sanaa hii ni kongwe. Meng Yuanlao, aliyeandika kumbukumbu za jiji la Kaifeng mwaka 1147, miaka 20 baada ya jiji hilo kutekwa na Wajurchen, aliitaja miongoni mwa burudani za mjini. Mwaka 2006 China iliiingiza sanaa ya Taishun katika orodha yake ya kwanza ya urithi wa utamaduni wa taifa.

Kwa msikilizaji wa Tarime, mkoani Mara, kaskazini mwa Tanzania, jambo la kukazia macho ni utambi. Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Nyamongo, wilayani humo, anajua kwamba utambi ni saa: urefu wake ndio muda alionao wa kutoka duarani, yaani shimoni. Watu wa Taishun nao hupima vivyo hivyo, ila wao wanapima hadithi. Utambi ukizidi kidogo, mfalme anatokea askari wake wameshateketea. Ukilowa umande, hatokei kabisa, na umati unabaki ukitazama moshi. Nguzo huungua mara moja tu, kwa hiyo mazoezi ya mwisho hayapo.

Kufanana kunaishia hapo. Baruti ya mgodini imetengenezwa ipasue mwamba. Baruti nyeusi ya fataki, yaani shura, mkaa na salfa, huungua na kusukuma. Mwalimu wa sanaa wa Tarime atakayeiga Taishun akidhani moja inaweza kushika nafasi ya nyingine atazika wanafunzi. Na hata bila maafa, Sheria ya Baruti ya Tanzania ya mwaka 1963 inadai kibali.

Tena moto si lazima ili vikaragosi vivute watu. Kwa majirani Wasukuma, kwenye tamasha la ngoma la Bulabo pale Bujora, Kisesa, vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika hushindana kuvuta umati, na sanamu za mbao zimekuwa mojawapo ya silaha zao. Nairobi nako, mwaka 2009, mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alivipeleka vikaragosi kwenye televisheni kuwacheka wanasiasa kupitia The XYZ Show.

Mara ina litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, na wachongaji nao wapo. Mpangilio wa Taishun unaweza kujaribiwa kwa kamba: vikaragosi vifungwe juu ya nguzo, kisha vifunguliwe kimoja kimoja, mpiga litungu akitoa ishara badala ya utambi.